Bibi Nyamizi na Kata ya Kwanza

“Kama mchunga unaosha ini, mbona Kasubi tumemzika?”

Swali hilo liliulizwa matangani, jua likiwa utosini, watu wamejaa uani na bakuli mkononi. Bakuli za nini? Za mchunga! Basi hakuna aliyelijibu. Mmoja alikohoa. Mwingine alimfukuza kuku ambaye hakuwa amemkosea mtu. Wazee waliinamia bakuli zao wakaendelea kutafuna majani yao machungu, nyam, nyam, nyam, kama vile masikio yao yalikuwa yameachwa nyumbani.

Ngojeni kwanza. Nimewaingiza kwa mlango wa uani. Turudi nje, tubishe hodi kama watu.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa chungu, kikajaa, kikafurika, na kila aliyechungulia akasema, “Mbona bado kuna nafasi!”

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Jina lake halikutufikia, ila sauti ya majembe yake imetufikia. Tifu! Tifu! Tifu! Watu wa kijiji hicho hawakulima mmoja mmoja. Walilima kwa mstari. Leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Wanaume walijipanga bega kwa bega, na katikati yao alisimama kiongozi wa mstari. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

“Jembe juu!”

“Tumelishika!”

“Jembe chini!”

“Tifu!”

Kiongozi akienda mbio, mstari unaenda mbio. Kiongozi akilegea, mstari mzima unakaa chini kukuna vichwa. Ndiyo maana alichaguliwa kijana mwenye mgongo mpana na koo la kuimba. Wasichana walimtazama. Watoto walimwiga. Wazee walimwita mwanangu hata kama hawakumzaa.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kulimiwa shamba ni kupika pombe. Mtama unaloweshwa, unaota kimea, unasagwa, unapikwa, unaachwa utokote wenyewe kwenye mitungi, pwata, pwata, pwata. Mistari ikiisha kulimwa, mtungi unatolewa. Lakini hakuna mdomo unaogusa pombe mpaka mwenye shamba achote kata kubwa, aijaze mpaka ukingoni, ampe kiongozi wa mstari. Hiyo ndiyo kata ya kwanza. Kiongozi anainua, anakunywa bila kupumua, gudu-gudu-gudu-aah! Anaigeuza kichwa chini watu waone haina tone. Hapo wanapiga vigelegele. Shamba limeridhika. Mvua itakuja, mbegu itashika.

Na akiikataa? Ee! Walisema mbegu itagoma. Itabaki ardhini imenuna.

Leo kata. Kesho kata. Keshokutwa kata, maana mashamba ni mengi na kiongozi ni mmoja. Na baada ya kata ya kwanza hakuna anayemnyima ya pili. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kiongozi wa mstari alikuwa mtu anayependwa kuliko wote kijijini, na anayekufa mapema kuliko wote.

Alikufaje? Siku zote namna ile ile. Kwanza anachoka. Halafu macho yanageuka manjano kama ua la boga. Miguu inavimba. Tumbo linajaa kama ngoma iliyowambwa, huku mikono inakonda kama mipini. Kisha anakwenda.

Na watu walisemaje? “Karogwa! Ni kijicho. Nani asiyemwonea wivu kiongozi wa mstari?”

Wengine, wale waliojiona wamejua zaidi, walisema, “Ni ini. Hakula mchunga wa kutosha.” Kwa hiyo kila palipokuwa na mtungi wa pombe palikuwa na chungu cha mchunga kando yake. Unakunywa, unatafuna majani machungu, unakunja uso, unasema, “Nimeosha.” Halafu unanyoosha kata. Ukishaosha si unaruhusiwa kuchafua tena? Ndivyo walivyofikiri, tena wakiwa watu wazima wenye ndevu.

Mchunga wote huo ulitoka bustani moja, bustani ya Bibi Nyamizi. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Ukitaka kumsikia sharti unyamaze. Yeye ndiye aliyejua majani, na watu walimheshimu kuliko mganga.

Tuje kwa Kalekwa. Kalekwa alikuwa mke wa Malugu, na Malugu alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Lugembe, mwenye shamba kubwa kuliko yote kijijini. Kasubi, yule waliyemzika, alikuwa mdogo wake Lugembe. Alikuwa kiongozi wa mstari mpaka tumbo lilipompeleka. Na pale pale matangani, kabla udongo wa kaburi haujakauka, wazee walimwita Malugu wakamkabidhi jembe la uongozi. Vigelegele vikapigwa. Lugembe akafuta chozi la mdogo wake kwa mkono mmoja, na chozi la fahari ya mwanawe kwa mkono mwingine.

Ndipo Kalekwa alipouliza.

“Kama mchunga unaosha ini, mbona Kasubi tumemzika?”

Kuku akafukuzwa, nimeshawaambia.

“Alikula mchunga kila siku,” Kalekwa akaendelea. “Nilimpikia mimi mwenyewe. Na aliyekuwa kiongozi kabla yake alikufa na nini?”

“Tumbo,” akajibu mtoto mmoja, akapigwa kibao na mama yake.

“Na aliyekuwa kabla ya huyo?”

“Kalekwa!” Shangazi yake Malugu akamvuta kanga. “Msibani hatuulizani maswali. Msibani tunalia. Lia!”

“Nitalia nikijibiwa.”

“Hee! Huyu mkaza mwana ana mdomo,” wakanong’ona wanawake. “Malugu ameoa kasuku.”

Mtu mmoja tu hakunong’ona. Bibi Nyamizi aliweka bakuli lake chini, bado limejaa, akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Basi. Malugu akashika jembe. Tifu! Akaimba, mstari ukaenda kama moto wa nyika. Na kata ikaja. Gudu-gudu-gudu-aah! Shamba la huyu, kata. Shamba la yule, kata. Kila jioni alirudi nyumbani akitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, amebeba mchunga kwenye jani la mgomba, akasema, “Mke wangu, nimeosha.”

Misimu ikapita. Siku moja asubuhi Kalekwa alimpa mumewe maji ya kunawa. Akamtazama usoni. Mtungi mdogo ukamponyoka, paa! Macho ya Malugu yalikuwa ya manjano kama ua la boga.

Hapo ndipo yalipoanza maandamano ya dawa. Ninyi mnajua watu wakisikia kuna mgonjwa. Shangazi alikuja wa kwanza na majani ya mpapai. “Twanga, kamua, anywe kabla ya kula.” Jirani akaja na nyongo ya mbuzi. “Chungu hufukuza chungu.” Mwingine akaja na manjano ya kusaga. “Rangi huitoa rangi.” Mganga akaja na mizizi kwenye kibuyu, akaikoroga kwa heshima zote.

Kalekwa akanusa. “Babu, hii si pombe?”

“Ni pombe kidogo tu, mjukuu wangu. Mizizi bila pombe haitembei mwilini. Pombe ndiyo miguu yake.”

“Pombe ndiyo iliyomlaza!”

“Ile ilikuwa pombe ya shamba. Hii ni pombe ya dawa.”

Jamani! Nawauliza ninyi mlioketi hapa, ini linajuaje tofauti? Linaomba kwanza lioneshwe mtungi?

Lakini hofu haina mabishano. Kalekwa alimpenda Malugu, na alikuwa na ujauzito wa mtoto wao wa kwanza. Akatwanga. Akakamua. Akasaga. Akamnywesha vyote isipokuwa kile kibuyu, ambacho baba mkwe alimpa mwanawe Kalekwa alipokwenda kisimani. Malugu akatapika mpaka akabaki ganda. Tumbo likazidi kupanda. Kalekwa akabonyeza mguu wake kwa kidole, na kidole kikaacha shimo ambalo halikujaa upesi.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mbio mpaka bustanini kwa Bibi Nyamizi.

“Bibi, naomba mchunga. Mwingi. Ule mchungu kabisa.”

“Wa nini?”

“Wa Malugu. Macho yake…”

Bibi Nyamizi alikuwa ameinama anapalilia. Hakuinuka. “Mchunga ni mboga, mwanangu. Mtamu kwa ugali, hasa ukitiwa karanga. Nimeupanda tangu nikiwa msichana. Haujawahi kumwosha ini mtu anayelimwagia pombe kila siku.”

Kalekwa akasimama kama kijiti. “Kwa hiyo ulijua.”

“Nilijua nilipomzika Kasubi. Wewe uliuliza, mimi nikasikia. Nilikuwa kama mtu anayefagia chumba huku mwenzake anamwaga majivu mlangoni. Nafagia, anamwaga. Nafagia, anamwaga. Na watu wakanisifu kwa ufagio wangu.”

“Na ukanyamaza! Misimu yote hii!”

“Nilinyamaza,” akasema Bibi Nyamizi. “Piga kelele, una haki. Ukimaliza, nibebee mkeka wangu, tunakwenda kwako.”

Kalekwa alipiga kelele njia nzima. Na mkeka aliubeba.

Walipofika, Bibi Nyamizi alimtazama mgonjwa macho, akamshika miguu, akaligonga tumbo lake kwa vidole, du, du, du. Kisha akatoka uani. Akachukua juisi ya mpapai, akaimwaga. Akachukua nyongo, akaimwaga. Akachukua kibuyu cha mganga, akakimwaga mbele ya mganga mwenyewe.

“Nyamizi! Hiyo ni dawa!” mganga akaruka.

“Ini la huyu kijana ni punda aliyelala njiani,” akasema bibi. “Nanyi kila anayepita anampakia mzigo wake, eti ili ainuke.”

Akaomba chungu kisafi. Watu wakasogea waone jani la siri. Shingo zikarefuka. Bibi akatia kunde.

“Kunde?” akauliza shangazi.

“Kunde.”

“Kunde na nini?”

“Kunde na maji. Kesho mayai, na uji wa ulezi. Keshokutwa samaki, na papai lenyewe lililoiva, siyo majani yake. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Chumvi muifiche, maana maji yaliyomo tumboni yanaipenda. Na pombe isiguse mdomo wake. Siyo ya shamba, siyo ya dawa, siyo ya kuonja, siyo ya kulowesha midomo.”

“Halafu dawa utampa lini?”

“Nimeshaitaja. Hamkuisikia kwa sababu haina mizizi.”

Watu wakatawanyika wamekasirika. Walitaka siri, wakapewa kunde!

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Mwili wa Malugu uliidai pombe. Alitetemeka, akatoka jasho, akaongea na watu wasiokuwepo. Bibi Nyamizi hakumwacha hata kidogo, alimfuta uso, akamwita kwa jina lake. “Malugu. Uko kwenu. Huyu ni mkeo. Kunywa maji.” Kalekwa alimshika mikono mpaka mikono yake mwenyewe ikafa ganzi.

Kisha mtetemeko ukapita. Polepole, polepole sana, tumbo likaanza kushuka. Macho yakapauka, yakawa kama maziwa yenye vumbi, halafu kama maziwa. Akacheka mara moja, Kalekwa alipounguza kunde.

“Nitapona kabisa, Bibi?” akauliza.

“Sijui,” akasema Bibi Nyamizi. “Palipofanya kovu pana kovu. Lakini palipobaki pazima patakubeba, usipopapiga tena. Ukirudia hata msimu mmoja, mkeo atalea peke yake. Nimekwambia wazi, usiseme sikusema.”

Mvua za kwanza zikanyesha. Shwaa! Na mvua ikinyesha, nani anaanza kulimiwa? Mzee Lugembe. Siku ile mstari ukajipanga, majembe yakainuliwa, lakini katikati palikuwa na pengo. Malugu alikuja amejiegemeza kwenye fimbo, hana nguvu ya kulima. Akakaa kwenye kichuguu, akafungua koo.

“Jembe juu!”

“Tumelishika!” Wanaume waliitikia wengine wakilia. Walidhani hawataisikia tena sauti ile.

“Jembe chini!”

“Tifu!”

Wakalima mpaka ardhi ikawa nyeusi toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo mtungi ukatolewa. Lugembe akachota kata kubwa, akaijaza mpaka ukingoni, akaja nayo polepole, povu likitetemeka, mpaka mbele ya kichuguu.

Wanawake wakaweka vigelegele tayari.

“Baba,” akasema Malugu, “nimekatazwa.”

“Najua, mwanangu. Najua. Lowesha midomo tu. Shamba la baba yako hili. Mbegu ikigoma tutakula nini? Huyo mtoto anayekuja atakula nini?”

Mkono wa Malugu ukainuka. Hakuutuma, uliinuka wenyewe. Pua yake ilikwishaisikia ile harufu.

“Baba mkwe!” Kalekwa akatoka kwenye kundi la wanawake, tumbo mbele. “Hiyo kata ilimwua Kasubi, mdogo wako. Sasa unampa mwanao. Ukimaliza, utampa nani? Huyu?” Akajishika tumbo.

“Aka! Mkaza mwana anagombana na mkwewe shambani!”

“Mvua itakatika leo hii!”

“Mfungeni mdomo!”

“Semeni mtakavyo! Mimi mjane wa kata siwi!”

Katikati ya makelele Bibi Nyamizi akaja. Akasimama kati ya baba na mwana. Akaanza kusema kwa ile sauti yake ya chini, na kama kawaida ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

“Lugembe. Kata hii ni ya nani?”

“Ya kiongozi wa mstari.”

“Kiongozi ana kiu?”

“Hapana, Bibi. Ni ili shamba liridhike.”

“Kumbe anayesubiri kuridhika ni shamba.”

“Ni shamba.”

“Basi pombe ni ya shamba.”

Lugembe akafikiri. Akageuka kuwatazama wazee wenzake, nao wakatazama vidole vyao vya miguu. “Ni ya shamba, Bibi,” akasema.

“Sasa kama ni ya shamba, kwa nini mnaipitisha kwenye ini la mtoto wetu?”

Ee wanangu! Kimya kilichotanda pale hakikuwa kile cha matangani. Cha matangani kilikuwa cha watu wanaojificha. Hiki kilikuwa cha watu walioonekana.

Lugembe akaitazama kata. Alikuwa ameishika hivyo miaka yote, kwa mikono miwili, kwa upendo, na kila aliyempa alimzika. Akamtazama mwanawe, shingo imekonda, mkono bado unaning’inia hewani. Kisha akapiga magoti kwenye udongo mweusi, akainamisha kata.

Mwaaa!

Ardhi ikanywa bila kupumua. Lugembe akaigeuza kata kichwa chini, watu waone haina tone. Halafu akabaki pale pale kwenye magoti, akalia. Safari hii lilikuwa chozi moja tu, la Kasubi, lile ambalo hakuwahi kulilia likaisha.

Malugu akashusha mkono. Kalekwa akaudaka.

Mnataka kujua mtama uliotaje? Uliota kama unavyoota kila mwaka. Haukuzidi, haukupungua. Pale pombe ilipomwagika paliota magugu, kwa sababu shamba ni shamba.

Malugu hakurudi kuwa yule wa mgongo mpana. Alichoka upesi maisha yake yote. Lakini aliishi. Alimbeba binti yake, akamfundisha wimbo wa mstari, akaota mvi, na yeye ndiye kiongozi wa kwanza wa mstari kijijini pale aliyewahi kuota mvi. Waliomfuata wakaota pia. Sitawadanganya kwamba mitungi ilivunjwa. Wanaotaka kunywa walikunywa, na baadhi yao walizikwa. Ila hakuna tena aliyelazimishwa. Kata ya kwanza ikawa ya ardhi, wakaiita kata ya Nyamizi, na mchunga ukarudi kuwa mboga, ukaliwa kwa ugali na karanga, bila kusingiziwa miujiza.

Bibi Nyamizi wanamkumbuka kwa hilo. Majani aliyojua ni mengi, wameyasahau karibu yote. Wanakumbuka kwamba alikuwa na sifa ya dawa, akaivua mwenyewe mbele za watu alipoona inawaua.

Funzo ni hili, na nalisema bila kupaka asali. Chakula kizuri kinausaidia mwili, lakini hakuna jani, mzizi wala juisi inayofuta kata uliyokwishainywa huku ukinyoosha mkono kwa nyingine. Na zama zile palikuwa na Bibi Nyamizi tu. Leo kuna hospitali. Macho ya mtu wako yakigeuka manjano, mpeleke, usimsubirishe foleni ya mashangazi na vibuyu.

Hadithi yangu nimeitua hapa, anayetaka kuibeba aibebe.

Nina ombi moja kwenu kabla hamjasimama. Mtu akikwambia hanywi, usimuulize kwa nini, usimwambie aonje kidogo. Mpe maji.